Maswali yanayoulizwa kila mara kuhusu Boren na skolashipu nyingine za masta za usalama wa taifa Marekani

Kila ikifika Septemba simu yangu inaanza kujaa meseji za vijana wetu walioko vyuo vya Marekani, na wazazi wao pia, na wote wanauliza yaleyale: hivi ile pesa ya serikali ya kwenda kusoma lugha nje ni ya kweli, ukiichukua si unakuwa jasusi, na hawa ndugu zangu wa Kigoma hawataniharibia kwenye uchunguzi wa usalama? Mi nafundisha Kiswahili huku Marekani na nimekaa na wengi kwenye hizi fomu, kwa hiyo nimeamua niyajibu yote hapa pamoja. Nitakaa zaidi kwenye Boren kwa sababu ndo inayogusa Kiswahili moja kwa moja, hizo nyingine nitazipitia mbele huko.

Boren ni kitu gani hasa?

Ni pesa ya serikali ya Marekani ya kumpeleka mwanafunzi nchi ambayo lugha yake Wamarekani wengi hawaijui, akaishi huko, akajifunza lugha mpaka ikamkaa mdomoni, alafu akarudi kufanya kazi serikalini. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1991 na ina jina la David Boren, seneta wa Oklahoma ambaye wakati ule alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujasusi ya Seneti. Vita Baridi ndo ilikuwa inaisha, na yeye akaona serikali yao ina upungufu mkubwa wa watu wanaojua lugha na nchi za watu wengine. Pesa inatoka Wizara ya Ulinzi, ila maombi yanapokelewa na kusimamiwa na Institute of International Education. Walioko digrii ya kwanza wanaomba Boren Scholarship, wa masta na PhD wanaomba Boren Fellowship. Wengi wanachanganya hayo majina mawili, kwa hiyo angalia vizuri kabla hujaanza kujaza.

Wanatoa kiasi gani?

Ukikaa nje wiki 25 mpaka 52 unaweza kupata hadi dola 25,000. Ukikaa muda mfupi zaidi zinapungua. Hapo ndani kuna tiketi, ada ya kule unakokwenda kusoma, chumba, chakula, bima. Usiichukulie kama pesa ya kumalizia ada yote ya masta, haikuwekwa kwa kazi hiyo, na bajeti unayoandika ni yako wewe, si ya mume na watoto.

Mi niko Dodoma (au Nairobi, au Bujumbura), naweza kuomba?

Hapana. Lazima uwe raia wa Marekani siku unayoomba, na uwe umeandikishwa au unaomba kuingia masta au PhD kwenye chuo kinachotambulika kilichoko Marekani.

Nina green card (kile kibali cha ukaaji wa kudumu), si inatosha?

Kwa Boren haitoshi. Ukiwa umekuja kama mkimbizi, kawaida unaomba green card baada ya mwaka mmoja na uraia unaweza kuuomba ukifikisha miaka mitano tangu ulipoingia, kwa hiyo kama umefika ukiwa mdogo na wazazi wako hawajawahi kushughulikia hizo karatasi anza na hizo kwanza. Nimeona vijana watatu, wote wazaliwa wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, wenye gredi nzuri kabisa, wamekosa kwa sababu tu ombi la uraia lilikaa kabatini. Inauma sana kumwambia mtoto kwamba umechelewa na kosa si lake.

Ukichukua hii pesa unakuwa jasusi?

Hili swali ndo linaulizwa kuliko yote na linastahili kujibiwa vizuri maana si swali la kijinga. Sheria yenyewe inakataza mtu anayesoma kwa hii pesa kutumiwa na chombo chochote cha ujasusi cha Marekani kufanya kazi yake yoyote wakati yuko masomoni. Yaani ukiwa Arusha unasoma, kazi yako ni kusoma, basi, hakuna mtu wa kumpelekea ripoti kuhusu mwenye nyumba wako.

Lakini nisikufiche upande wa pili. Pesa inatoka Wizara ya Ulinzi, na baada ya masomo kazi yako inaweza kabisa kuwa kwenye taasisi ya ujasusi. Ndo maana miaka ya 1990 mwanzoni wasomi wengi wa masuala ya Afrika kwenye vyuo vya Marekani waliipinga, walisema itawaweka wanafunzi na wenyeji wao kwenye hatari na kuharibu uaminifu uliojengwa kwa miaka mingi, na mimi naona hoja yao ilikuwa na uzito na bado inao. Ushauri wangu kwa kila anayekwenda ni mmoja, ukiulizwa na familia unayokaa nayo nani kakulipia, sema ukweli. Kuna binti alikaa kwa mama mmoja Usa River, karibu na Arusha, wiki ya pili mezani akaulizwa na baba mwenye nyumba, akaeleza kila kitu kwa Kiswahili chake kile cha kuokoteza, mzee akamsikiliza mpaka mwisho akasema "sawa mwanangu, umesema mwenyewe, karibu chai." Angeficha alafu wakaja kujua kwa mtu mwingine, pale nyumbani pasingekalika.

Hilo sharti la kazi likoje?

Hapa ndo naomba usome polepole. Ukichukua Boren unadaiwa angalau mwaka mmoja wa kazi kwenye serikali kuu ya Marekani, kwenye nafasi inayohusu usalama wa taifa. Wanataka uanzie kutafuta Wizara ya Ulinzi, Wizara ya Mambo ya Nje, Idara ya Usalama wa Ndani au taasisi za ujasusi, ukikosa huko kweli kweli ndo unaruhusiwa kuangalia idara nyingine za serikali zenye majukumu ya usalama. Wa Fellowship wana miaka miwili tangu wahitimu kuanza hiyo kazi, wa digrii ya kwanza wana mitatu. Usipotimiza unarudisha pesa, na riba juu.

Na kazi hawakupi wao, unaitafuta mwenyewe. Watu wengi wanadhani ukishapata Boren basi kuna dawati linakusubiri Washington. Halipo. Wanakusaidia kufungua milango kiasi, ila kuomba nafasi, kuandika sivii ya serikali ambayo ni ndefu kuliko sivii ya kawaida, kusubiri miezi na miezi, hiyo yote ni juu yako. Kijana mmoja niliyemsaidia alirudi kutoka nje, akapata kazi nzuri ya shirika binafsi, mshahara mkubwa, akaisaini, alafu barua ya deni ikaja. Alikuwa amesaini mkataba wa Boren bila kufungua ukurasa wa pili na mimi sikumkazania asome, siku hizi mtu hatoki mezani kwangu kabla hajanisomea kile kipengele kwa sauti.

Na Kiswahili kinaingiaje hapa?

Kimo, tena kina mlango wake. Ndani ya Boren kuna mpango wa lugha za Afrika unaoitwa African Flagship Languages Initiative, unaanza na wiki nane za kiangazi University of Florida kule Gainesville, alafu mnapelekwa nchi yenye lugha. Wa Kiswahili wamekuwa wakipelekwa Arusha, Tanzania. Lugha nyingine za Afrika zilizowahi kuwemo ni kama Kiwolof na Kizulu. Kuna mtihani wa kuongea kabla na baada, unapimwa kwa ngazi za serikali yao zinazoanzia sifuri mpaka tano, na ngazi ya tatu ndo ya mtu anayeweza kufanya kazi ya ofisini kwa hiyo lugha.

Mi napenda sana watu wapitie Arusha kwa sababu darasani unajifunza kitu kimoja na sokoni kitu kingine. Mwanafunzi anatoka kwangu anajua kusema "ninataka nyanya", sentensi haina kosa hata moja, anafika soko la Kilombero anamwambia hivyo mama wa nyanya, mama anamwangalia tu. Siku ya nne anasikia mwenzake akisema "mama shikamoo, naomba nyanya za elfu mbili, na nyongeza basi", anaelewa kwamba kumbe kuomba ndo adabu na salamu ndo inafungua biashara. Hilo siwezi kumpa kwa kitabu.

Mi Kiswahili naongea tangu utoto, watanipa pesa ya kujifunza nini?

Swali zuri na jibu linategemea Kiswahili chako ni cha wapi na cha kazi gani. Watoto wengi waliokulia huku wana Kiswahili cha jikoni, "njoo ule", "mama anakuita", "funga mlango", wanakiongea haraka na vizuri, ila mpe hotuba ya bajeti ya Bungeni Dodoma asome, akikutana na muswada, rasimu, itifaki, tozo, anakwama aya ya kwanza. Kijana wa Bukavu anasema "niko nafanya" na "batoto", ni Kiswahili chake halali na nakiheshimu, na mtu anayekielewa kile cha Kivu ni adimu sana kwenye ofisi yoyote ya Marekani, lakini ile mitihani inapima Kiswahili sanifu. Kwa hiyo kwenye maombi usijifanye hujui kitu, andika wazi unachoweza na usichoweza, kwamba naelewa simu ya bibi lakini siwezi kuandika barua ya kiofisi, na onyesha hiyo miezi itakutoa wapi ikufikishe wapi. Kama kweli umebobea kote kote basi fikiria lugha nyingine, mfano Kisomali.

Alafu kuna National Language Service Corps, hii si skolashipu ila naitaja kwa wazazi wanaoniuliza. Ni kwa raia watu wazima wanaojua lugha, unajiandikisha, serikali ikihitaji mtu wa lugha yako inakuita kwa muda na inakulipa. Mama wa miaka hamsini anayejua Kiswahili na Kiingereza barabara anaweza kuingia.

Insha niandike nini? Al-Shabaab?

Kila mtu anaandika Al-Shabaab. Anaanza na mabomu ya Al-Qaeda kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, Agosti 7, 1998, watu 224 wakafa, anakuja Al-Shabaab walivyoshambulia kambi ya jeshi ya Manda Bay kule Lamu, Januari 2020, anafunga. Ni kweli na ni mambo mazito, kuna familia hapa ninazozijua ambazo zilipoteza mtu Nairobi siku ile. Lakini msomaji wa hizo insha ameshaisoma hiyo mara nyingi mno.

Boren wenyewe wanasema usalama wa taifa kwao ni mpana, wanaingiza magonjwa, njaa, mazingira, uhamaji wa watu, ushindani wa kiuchumi. Binti mmoja wa afya ya jamii aliandika kuhusu ugonjwa wa virusi vya Marburg kule Kagera, mwaka 2023 wagonjwa tisa, sita wakafariki, na Januari 2025 ikarudi tena mkoa uleule, akauliza kitu kimoja tu, mpelelezi wa magonjwa anayetoka nje akifika kijijini Biharamulo anaongea na ndugu wa marehemu kwa lugha gani? Alipata. Mwingine aliandika kuhusu kobalti inayotoka Kolwezi, Kongo, kwa malori mpaka bandari ya Dar, kwamba dereva, karani wa forodha na mlinzi wa geti wote wanaelewana kwa Kiswahili na Marekani haina mtu wa kuwasikiliza. Mi mpaka leo naikumbuka ile insha. Tafuta kitu unachokijua kwa karibu, kitu ambacho mjomba wako amewahi kukulalamikia kwenye simu, na ukifungue kutoka hapo.

Insha ya pili ni ya mpango wa masomo, hapo eleza utasoma wapi, saa ngapi kwa wiki, nani atakufundisha. Usiandike "nitajifunza kwa kuishi na watu", watu hawawezi kupewa dola elfu ishirini na kitu kwa hilo. Na kuhusu nchi, usipange kwenda mahali pa vita, mfano Goma na Bukavu zote ziliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, unaweza kuandika kuhusu huko lakini darasa lako liweke pengine.

Nina ndugu wengi Afrika na natuma pesa kila mwezi, nitapita ule uchunguzi?

Kwanza elewa kwamba uchunguzi mkubwa hauji wakati wa kuomba Boren, unakuja unapopata kazi inayohitaji kibali cha usalama. Hapo unajaza fomu inayoitwa SF-86, na hiyo fomu jamani ni ndefu. Kwa kazi nyingi wanauliza ulipoishi miaka kumi nyuma, kazi zote, safari za nje za miaka saba, ndugu wote, watu wa nje unaowasiliana nao kwa ukaribu, kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia, kama una nyumba au kiwanja nje ya Marekani.

Nilikaa na kijana mmoja na mama yake kwenye meza ya kulia chakula kuanzia Jumamosi asubuhi mpaka usiku kwa hiyo fomu moja. Shida ya kwanza ikawa maneno. Fomu inataka kaka na dada, na inawatenganisha wa mama mmoja baba mmoja na wa mzazi mmoja, kijana akataja kaka tisa. Mama akasema hapana, hawa watano ni watoto wa baba mkubwa. Kwetu ni kaka, kwenye fomu si kaka, ila kama mnaongea kila wiki wanaingia sehemu ya watu wa nje unaowasiliana nao. Mama mdogo naye si mama kwenye hiyo fomu, naye anakwenda hukohuko. Shida ya pili tarehe za kuzaliwa, nusu ya ukoo wana Januari 1 kwa sababu ndo iliyoandikwa kambini, mama akapiga simu Kigoma kwa WhatsApp, wakabishana nusu saa kama mtu fulani alizaliwa msimu wa mahindi au kiangazi. Tukaandika iliyoko kwenye vyeti, na pale panaporuhusu maelezo tukaeleza kwamba ni tarehe ya makadirio. Shida ya tatu ilikuwa kiwanja Kigamboni ambacho mama alikinunua kwa jina la mtoto bila kumwambia, na mtoto ndo akakijua siku hiyo.

Kuwa na ndugu nje si kosa. Kutuma pesa ya ada ya mdogo wako au dawa ya bibi si kosa. Wanachotazama ni kama kuna mtu anaweza kukubana kupitia hao ndugu, kama kuna mmoja yuko jeshini au usalama wa nchi yake, kama una deni la siri. Kinachowaangusha watu wetu mara nyingi ni kuficha, mtu anaona kiwanja kitamletea shida anakiruka, alafu mchunguzi anakikuta. Kuficha kwenye hiyo fomu ni kosa la jinai, kiwanja si kosa. Kwa hiyo mzazi unayesoma hapa, mwambie mtoto wako kila kitu ulichoandikisha kwa jina lake, mwambie leo.

Anza pia kuweka daftari mapema, adresi zako zote na tarehe, safari zote, namba za simu za majirani wa zamani. Miaka mitano baadaye hutakumbuka ulihama lini ile nyumba ya ghorofa ya tatu.

Uraia pacha unazuia?

Peke yake haukuzuii, unautaja na unauelezea. Kenya inaruhusu tangu katiba ya 2010, Tanzania kwa mtu mzima bado hairuhusu, na Kongo hairuhusu. Kama ulipata uraia wa Marekani na bado unasafiri na pasipoti ya zamani, acha, maana hapo unaweza kuwa na matatizo na nchi zote mbili.

Bangi?

Hata kama jimbo lako linaruhusu, kwa serikali kuu bado imekatazwa na utaulizwa. Acha sasa hivi na usidanganye.

Skolashipu nyingine ni zipi?

Kama unasoma kompyuta angalia CyberCorps Scholarship for Service, inalipa ada na posho ya kuishi, unaitumikia serikali muda sawa na uliofadhiliwa, na hii inapokea hata mwenye green card. Ila usikimbilie kusaini, kumbuka kazi nyingi za serikali zinataka raia. SMART ya Wizara ya Ulinzi ni ya sayansi, hesabu na uhandisi, mwaka mmoja wa kufadhiliwa unalipwa kwa mwaka mmoja wa kazi, na uzuri wake unajua mapema kituo utakachofanyia kazi. Pickering (tangu 1992) na Rangel (tangu 2002) ni za wanaotaka udiplomasia, zinalipia masta ya miaka miwili na unadaiwa miaka mitano ya kazi ya kibalozi, angalia kama mwaka huo wamefungua dirisha. Critical Language Scholarship ni ya kiangazi tu, imekuwa ikileta watu Arusha kwa Kiswahili, na haina deni la kazi kabisa. Kwa mtu ambaye hana uhakika na serikali mi namwambia aanze na hiyo.

Na hali ya ajira za serikali sasa hivi?

Ngumu. Januari 20, 2025 Rais Trump alisimamisha kuajiri serikali kuu, nafasi za usalama wa taifa ziliachwa nje kwenye maandishi lakini vijana wenye deni la kazi walihangaika sana, wengine ofa zao zilifutwa wakiwa wameshafungasha. Kwa hiyo kabla hujasaini piga hesabu: ikitokea nimekosa kazi, nitaomba waniongezee muda, au hizi pesa nitazilipa kwa kitu gani? Weka kila ombi la kazi unalotuma, tarehe na jibu, maana ukiomba kuongezewa muda utatakiwa kuonyesha kwamba ulitafuta kweli.

Dedilaini lini?

Kawaida Januari mwishoni kwa Fellowship. Vyuo vingi vina mtu wa Boren hapohapo kampasi, mtafute Septemba, barua za maprofesa ziombe kabla ya Thanksgiving (ile sikukuu yao ya Novemba mwishoni), insha uwe umemaliza kuiandika mara ya kwanza kabla ya Krismasi. Na kama unataka nikusomee insha nitumie kabla ya Januari kumi, baada ya hapo nakuwa nina insha nyingi kiasi kwamba yako sitaitendea haki.